Hatari Hupangwa Kabla ya Kibarua Kufika

Mtu akianguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo linalojengwa Dar es Salaam, maswali ya kwanza yanafanana kila mara. Alivaa helmeti? Alifunga mkanda? Alikuwa amekunywa? Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani aliamua zege limwagwe mpaka saa nne usiku, jukwaa lilijengwa kwa bei gani, au kwa nini marehemu hakuwa kwenye rejesta ya mradi. Maswali ya kwanza yanamhusu aliyeanguka, na kwa kuwa mara nyingi hayupo tena kujibu, uchunguzi unaishia kwenye uzembe wake. Maswali ya pili yanaihusu ofisi, na ofisi ndiyo inayoandika ripoti.

Uchambuzi huu unasimama upande wa maswali ya pili. Sehemu kubwa ya hatari inayomkuta mfanyakazi imeshaamuliwa kabla hajafika kazini: kwenye bei ya zabuni, kwenye ratiba, kwenye namna anavyolipwa. Helmeti inakuja baadaye sana.

Sheria zenyewe si mbaya. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya kikoloni ya mwaka 1950. Zanzibar ina ya kwake, Na. 8 ya 2005, na Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 2007. Ile ya kikoloni iliangalia kiwanda na mashine zake, kwamba mkanda unaozunguka ufunikwe na boila ikaguliwe. Hizi mpya zinaangalia kila mahali pa kazi, iwe benki au shamba la mkonge. Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue wawakilishi wa usalama na afya. Kenya inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi, inataka ajali ya kifo itolewe taarifa ndani ya saa 24, na inakataza kumwadhibu mfanyakazi aliyelalamikia hatari. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliweka mazingira salama na yenye afya ya kazi kwenye orodha ya haki za msingi, bega kwa bega na kukomesha kazi za kulazimishwa na utumikishaji wa watoto. Kwa upande wa karatasi, basi, hatuko nyuma sana.

Sasa tutoke kwenye karatasi, twende kwenye slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa.

Siku ya kumwaga zege kwenye majengo yetu ya ukubwa wa kati ina mpangilio wake. Mwenye jengo amenunua saruji, kokoto na nondo. Fundi amechukua kazi kwa lebo chaji, yaani bei ya nguvu kazi peke yake kwa slabu nzima. Alfajiri fundi anasimama getini na kuchagua vijana. Wengi hajui majina yao kamili. Mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa kwa siku, na zege likishaanza kumwagwa halitakiwi kusimama, kwa sababu sehemu iliyoanza kukauka haishikani vizuri na itakayofuata. Vijana wanajipanga kwenye ngazi ya mbao kuanzia chini hadi juu na kupokezana ndoo. Jukwaa ni la mirunda iliyopigiliwa misumari, na mirunda hiyo imeshatumika kwenye majengo mengine. Ukingo wa slabu hauna kizuizi, maana kizuizi kingezuia ndoo zisipite. Helmeti zipo, lakini ni chache kuliko vichwa. Malipo ni slabu ikiisha.

Sasa tuseme saa tisa alasiri saidia fundi mmoja anaona mrunda umepasuka. Akipiga kelele, kazi inasimama, zege linaharibika, fundi anapata hasara, na wenzake wanachelewa kulipwa. Kesho getini hatachaguliwa. Akinyamaza, huenda mrunda ukashika mpaka jioni. Mara nyingi unashika. Kunyamaza kwake, basi, ni hesabu aliyoipiga kwa akili timamu ndani ya mpango ambao hakuupanga yeye, na semina ya saa mbili juu ya umuhimu wa usalama haitaibadilisha hesabu hiyo hata kidogo.

Wataalamu wa usalama wanafundishana mpangilio wa hatua ambao karibu kila mmoja wao anaukariri. Kwanza iondoe hatari kabisa. Ikishindikana, badilisha kifaa au malighafi kwa isiyo na madhara makubwa. Ikishindikana, itenge kwa kizuizi, kifuniko au feni ya kuvuta vumbi. Halafu panga upya muda na taratibu za kazi. Mwisho kabisa, baada ya yote hayo, mvalishe mtu vifaa kinga. Sisi tunaanzia mwisho na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Sababu ni rahisi: helmeti na rifrekta vinaonekana kwenye picha, vinanunuliwa mara moja, na vinahamisha lawama. Aliyepewa mkanda akaanguka amejitakia, hata kama hapakuwa na mahali popote imara pa kuufunga huo mkanda.

Imani kwamba ajali ni tabia ya mfanyakazi ina historia. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert William Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima, alichapisha kitabu kilichodai kwamba asilimia 88 ya ajali za viwandani husababishwa na vitendo visivyo salama vya watu. Takwimu hiyo imesafiri dunia nzima na bado inarudiwa kwenye semina. Tatizo ni ilikotoka. Heinrich alitegemea mafaili ya madai ya bima na taarifa zilizoandikwa na wasimamizi na wenye viwanda, na waliokuja baadaye kuikagua kazi yake hawakuzipata data za asili. Ukimuuliza nyapara kwa nini kibarua ameanguka, nyapara hatakuambia kwamba alikuwa akimharakisha.

Makampuni makubwa yamekwenda mbele zaidi ya helmeti, lakini hata huko kuna mtego. Getini kuna bango linalohesabu siku zilizopita bila ajali, na siku zikifika idadi fulani kila mtu anapata fulana au pilau. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyevunjika kidole anafuatwa nyumbani na gari la kampuni, anakalishwa ofisini kupanga mafaili, ili isionekane kwamba kuna siku ya kazi iliyopotea. Wenzake wenyewe wanamwomba asiwaharibie. Hapo kidole kimefichwa, na pamoja nacho imefichwa habari kwamba mashine ile ina sehemu inayokamata vidole. Mimi nikiona mradi wenye watu mamia ukiripoti kwamba kwa mwaka mzima hapakuwa na nusura hata moja, hakuna tofali lililodondoka pembeni ya mtu wala gari lililorudi nyuma likamkosa mtu kidogo, siuiti mradi salama. Nauita mradi ambao watu wake hawasemi. Kipimo kizuri zaidi ni idadi ya hatari zilizoripotiwa na watu wa chini, na siku ngapi zilipita kabla hazijarekebishwa.

Kwamba habari ndiyo roho ya jambo hili, Piper Alpha ilionyesha kwa gharama kubwa. Hilo lilikuwa jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, na usiku wa tarehe 6 Julai 1988 liliungua na kuua watu 167. Mchana wake vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na tundu lake likazibwa kwa bamba. Kibali cha kazi hiyo kiliandikwa, kama utaratibu ulivyotaka. Lakini zamu zilipobadilishana, habari ya vali haikuwafikia walioingia usiku. Pampu ya pili ilipozima, wakaiwasha ile isiyo na vali, gesi ikavuja, na moto ukafuata. Jaji Cullen aliyeongoza uchunguzi alitoa mapendekezo 106. Kwa viwanda vyetu vya saruji, sukari na bia funzo lake halihitaji fedha nyingi: makabidhiano ya zamu yawe sehemu ya muda unaolipwa, ana kwa ana, mbele ya mashine yenyewe. Wauguzi wengi hufanya hivyo kitandani kwa mgonjwa. Viwandani mara nyingi wa zamu moja anapishana na mwenzake getini, huyu anakimbilia daladala na yule anakimbilia kusaini.

Lakini habari ikishafika, nani ana uwezo wa kusema basi, tutoke? Tarehe 23 Aprili 2013, huko Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza. Tawi la benki lililokuwa kwenye jengo hilo liliwarudisha nyumbani wafanyakazi wake. Washonaji nguo wa ghorofa za juu waliambiwa waripoti kazini kesho yake, wengine kwa kutishiwa kunyimwa mshahara. Asubuhi ya tarehe 24 jengo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zile zile, na kila mtu aliziona. Tofauti ilikuwa kwenye nguvu ya kukataa. Mkataba wa ILO Na. 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea, lakini kwa kibarua wa siku ulinzi huo ni hewa, kwa sababu hafukuzwi. Haitwi tena, basi. Haki ya kukataa inamfaa tu pale mradi unapotangaza wazi kwamba kazi ikisimamishwa kwa hatari iliyothibitika, malipo ya siku yako pale pale.

Kuna upande mwingine ambao vyombo vya habari havipendi kuuandika, kwa kuwa hauna kishindo. ILO inakadiria kwamba watu milioni 2.93 hufa kila mwaka duniani kutokana na kazi. Katika hao, wanaokufa kwa ajali ni takriban 330,000. Waliobaki, kama milioni 2.6, wanauawa na magonjwa: mapafu, moyo, saratani. Kwa hiyo tunapoijadili ajali peke yake tunajadili sehemu ndogo ya vifo.

Chukua vumbi la mwamba. Katika machimbo ya tanzaniti ya Mirerani na maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kutoboa mwamba mkavu kunatoa vumbi la silika laini kiasi kwamba linalodhuru zaidi halionekani kwa macho. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Linaingia ndani kabisa ya mapafu, linaacha makovu, na makovu hayo hayaponi. Tena mwenye silika mapafuni yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Dalili zinaweza kuchukua miaka mingi. Wakati huo mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, ameshaacha machimbo, yuko kijijini, anatibiwa kikohozi, na hakuna anayeunganisha kikohozi na duara, yaani shimo, alilochimba ujanani. Dawa kubwa ya vumbi hili inajulikana tangu zamani: maji. Toboa kwa mashine inayopeleka maji kwenye ncha ya taruma, lowanisha mawe kabla ya kuyaponda, ingiza hewa safi chini. Kinachozuia ni kwamba maji yanapaswa kusombwa na pampu inataka mafuta, na mchimbaji hana mshahara, ana mgao. Kila shilingi inayokwenda kwenye maji au kwenye matimba ya kushikilia kuta inapunguza mgao wa leo.

Afrika Kusini imeonja bili ya namna hiyo ikifika kwa kuchelewa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kati ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji waliougua silikosisi na kifua kikuu, kwa kazi iliyofanyika tangu Machi 1965. Watanganyika waliochukuliwa na Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodi hiyo, kwenda huko enzi za ukoloni wako nje ya tarehe hizo.

Nini basi kibadilike? Naanza na fedha, kwa sababu ndiko hatari inakopangwa. Zabuni zetu za ujenzi humpa kazi mwenye bei ya chini, na kitu cha kwanza ambacho mkandarasi anaweza kupunguza bila mtu kugundua ni usalama. Aliyeweka jukwaa la chuma, vizuizi na afisa usalama wa kudumu anashindwa na aliyeweka mirunda. Mwaka 1996 Hong Kong ililishughulikia tatizo hili kwenye miradi ya serikali kwa njia rahisi: vipengele vya usalama vilitolewa kwenye ushindani wa bei. Fungu lake, takriban asilimia 2 ya thamani ya mkataba, linatengwa mapema, na mkandarasi analipwa kipengele kwa kipengele kadiri anavyothibitisha kukitekeleza. Kisipofanyika, halipwi. Serikali ya Tanzania na ya Kenya ni wateja wakubwa wa ujenzi. Hazihitaji sheria mpya ya bunge kuanza kuandika mikataba yao hivi.

Fedha ya pili ni ya fidia. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Ni hatua kubwa: aliyeumia hategemei tena huruma ya mwajiri. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukashuka hadi asilimia 0.6, kisha 0.5. Waajiri walifurahi, na sina ugomvi na furaha yao. Ugomvi wangu ni kwamba benki na machimbo ya kokoto vinachangia kwa kiwango kimoja. Ujerumani, yenye bima ya ajali kazini tangu mwaka 1884, hupanga michango kwa daraja la hatari ya kazi, na anayeumiza watu wengi anaweza kuongezewa. Mwajiri akiona mchango wake umepanda kwa sababu ya ngazi mbovu, ngazi itatengenezwa bila semina. Tahadhari ni moja: kiwango kikifungwa kwenye ajali zilizoripotiwa peke yake, tutarudi kwa kijana wa kidole. Lazima kificho kiadhibiwe zaidi ya ajali.

Halafu kuna ukaguzi. Kila aliyefanya kazi kwenye majengo anajua dakika zile ambapo geti linachelewa kufunguliwa, helmeti zinagawiwa haraka, na vijana wasio kwenye rejesta wanatakiwa wapotee. Kuongeza wakaguzi ni vizuri, lakini hawatatosha kamwe. Kitakachosaidia zaidi ni kuyaweka matokeo hadharani. Baada ya Rana Plaza, makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi walisaini makubaliano yenye nguvu ya kisheria, na ripoti za ukaguzi wa viwanda zaidi ya 1,600 zikachapishwa kwa jina la kiwanda, pamoja na kasoro na hatua ya marekebisho. Mnunuzi, mshonaji na jirani wote waliweza kusoma. Kwetu ripoti ya ukaguzi inabaki kati ya wakala wa serikali wa usalama kazini na mwajiri.

Kariakoo, Dar es Salaam, inaonyesha gharama ya siri hiyo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka asubuhi, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Chini yake palikuwa pakichimbwa kuongeza sehemu ya chini ya ardhi huku maduka juu yakiendelea kuuza. Kwa muuza duka, jengo lile lilikuwa mahali pake pa kazi kama kiwanda kilivyo kwa fundi mitambo, lakini kodi aliyolipa haikumpa nafasi ya kusoma kibali chochote wala ripoti ya mhandisi. Miaka 11 kabla, Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, jijini humo humo, lilianguka na kuua watu 36. Tuna msemo wa kufungia mijadala ya namna hii, kwamba ajali haina kinga. Majengo mawili katika jiji moja yanaukataa.

Kuhusu sekta isiyo rasmi, ambako wengi wetu tunafanya kazi, sheria kwa vitendo ni kama inanyamaza, kwa sababu haimwoni mwajiri. Bodaboda, mchomeleaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, anayeukinga mwali kwa miwani ya jua, mama lishe aliyeinamia moshi tangu alfajiri: hakuna wa kumpelekea hati ya onyo. Hapa vitisho havina kazi. ILO ina njia inayoitwa WISE, iliyobuniwa kwa ajili ya karakana ndogo: mafundi wanatembeleana, wanapitia orodha fupi ya mambo ya kuangalia, kisha kila mmoja anachagua marekebisho mawili au matatu ya bei nafuu anayoweza kuyafanya mwenyewe, kama kuhamisha mtungi wa gesi, kuongeza dirisha au kuinua meza. Vijiwe vya bodaboda na vyama vya mafundi vina viongozi, akiba na adhabu zao. Vinaweza kubeba kazi hii kuliko ofisi yoyote ya wilaya.

Kila tarehe 28 Aprili tunaadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi kwa maandamano, mabanda na tuzo. Tuzo huenda kwa makampuni yenye vitengo vya usalama, ambayo yana uwezo wa kununua hata bendi ya tarumbeta. Napendekeza siku hiyo wakala wa usalama kazini wa Tanzania na idara ya Kenya inayohusika na kazi hiyo watoe kitu kimoja zaidi: orodha ya kila kifo kilichotokea kazini mwaka uliopita, mahali, mkandarasi mkuu, mteja mwenye mradi, chanzo, na kilichobadilishwa baada ya hapo. Majina ya marehemu yanaweza kusitiriwa. Jina la aliyesaini mkataba lisisitiriwe.